Tiketi ya Mzazi na Mtoto

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba. Asubuhi mawingu mazito lakini mvua haikunyesha. Joto la kunata, nguo inashikana na mgongo kabla hata hujatoka mlangoni. Huko milimani tulikuta ukungu, baadaye ukapasuka, jua likatoka.

Naandika leo leo kwa sababu kesho nitakuwa nimeshaanza kujitetea. Najijua. Mimi si mtu wa kalamu, shule yangu iliishia darasa la saba, na mume wangu akiyasoma haya atasema nimepanga mambo kichwa chini miguu juu. Inawezekana. Lakini nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata mimi, ingawa hapo kwangu ndipo ninapopata tabu.

Safari ilikuwa ya mtoto. Binti yetu ana miaka saba, anaelekea minane. Ameletwa huku Guangzhou mwezi uliopita na mama mmoja mfanyabiashara wa Mbeya, ambaye huja kununua nguo soko la Shahe kama sisi. Kabla ya hapo hatujamshika mkononi tangu hajajua kutembea. Nilimwacha Tukuyu kwa mama yangu nikamfuata mume wangu huku. Mpango ulikuwa wa mwaka mmoja tu, tusimame kidogo, halafu tumchukue. Ukaja ule ugonjwa. Mipaka ikafungwa, aliyetoka harudi, aliyebaki hatoki. Ugonjwa sikuuleta mimi. Lakini mipaka ilipofunguliwa sikupanda ndege siku hiyo hiyo, na hilo nalo niliseme. Kulikuwa na mzigo bandarini, kulikuwa na kibali, kila mara kulikuwa na mwezi ujao.

Sasa tumempatia nafasi ya shule hapa, na makaratasi ya kuishi tumeambiwa yanawezekana. Yule mama wa Mbeya anarudi nyumbani Alhamisi. Kwa hiyo mtoto ama apande naye ndege, ama abaki na sisi. Mimi na mume wangu tulishakubaliana abaki. Kilichokuwa kimebaki ni kumwambia mwenyewe.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo la mlimani. Wachina wako kwenye sikukuu, maduka ya jumla yamefungwa, wapagazi wote wamekwenda kwao, hakuna kazi. Kaskazini ya jiji kuna mji mdogo wa mapumziko milimani, watu hupeleka familia zao huko wikiendi: maji ya moto, michezo, magari ya kwenye waya. Akasema, "Jambo zito unamwambia mtoto akiwa na aiskrimu mkononi. Ukimwambia hapa ndani, ataona kuta tu." Sikuona kosa katika hilo. Mpaka sasa silioni.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana asiyetujua atashangaa. Mtoto huyu ananiita dada. Hakufundishwa na mtu kwa ubaya. Kwa mama yangu kuna wadogo zangu wawili, na wote wakiongea na mimi kwenye simu husema, "Dada, habari za huko." Bibi yake kila mtu pale nyumbani anamwita mama. Mtoto akaokota maneno aliyoyakuta, kama watoto wote. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, bibi anayelea ndiye mama, aliyezaa ni dada, na watu wanaishi wanazeeka. Mimi mwenyewe nimewaona wengi nikawacheka. Nilidhani akija huku litajirekebisha lenyewe.

Halikujirekebisha. Na kwa kuwa mimi ni dada, mume wangu akawa shemeji. Siku ile uwanja wa ndege mtoto alipiga magoti kidogo akamwambia, "Shikamoo shemeji." Mume wangu alicheka mpaka akaegemea toroli la mizigo. Tangu hapo kageuza kuwa mchezo wao. Mtoto akiomba juisi, yeye anamjibu, "Shemeji, mahari ya dada yako bado inanielemea, usinidai na juisi mbele za watu." Mtoto anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nauma meno. Nilimwambia mume wangu usiku mmoja kwamba anamzoesha vibaya. Akasema, "Anacheka na mimi. Na wewe anacheka na wewe?" Alikuwa hachekeshwi na mimi.

Basi, tukaondoka alfajiri. Metro, halafu basi, na basi likakwama kwenye foleni ya magari ya familia za China nzima, naona. Mtoto alikaa dirishani. Milima ilipoanza hakushtuka. Alitazama ukungu, mianzi, mashamba ya chai ya kwenye miteremko, akasema, "Dada, si kama kwetu tu." Ni kweli. Watu wa Tukuyu tumetoka kwenye ukungu na mianzi na chai, tukavuka dunia, tukalipia tiketi kuona ukungu na mianzi na chai.

Mji wenyewe ni barabara moja ndefu inayopanda, hoteli huku na huku, nyumba zenye mapaa ya kuchongoka kama za Ulaya kwenye kalenda, na kila mlango unauza kitu cha kuchoma: mahindi, njugu za chestinati, soseji. Juu kabisa kuna maporomoko ya maji. Mtoto aliyatazama sana. Kisha akauliza, "Hapa ni mlima au wamejenga?" Kulikuwa na bomba linachungulia kati ya mawe. Mume wangu akamjibu, "Mlima ni wa Mungu, shemeji. Maji ni ya mkandarasi." Hata mimi nilicheka hapo.

Watu walitupiga picha. Bibi mmoja wa Kichina aliomba kwanza, kwa mikono, akapiga na mtoto, akamjazia mifuko njugu za moto. Nasema hivyo ili isionekane wote ni sawa. Kijana mwingine alituwekea simu usoni bila kuuliza, nikamwambia "bu yao" kwa sauti ninayoitumia Shahe mtu anaponibandikia suruali nisizozitaka. Mtoto aliruka. Akaniuliza nimemtukana nini yule kaka. Nikasema sijamtukana, nimemwambia sitaki tu. Lakini niliona ananitazama. Kichina changu chote ni cha sokoni. Najua bei gani, najua punguza, najua hakuna, najua sitaki, najua kumwita mtu laoban, yaani bosi, nikitaka anisikilize. Neno la kubembeleza sijawahi kulihitaji, kwa hiyo silijui. Nilifikiri hilo ni la Kichina peke yake.

Mchezo mkubwa wa pale ni kigari cha kuteremka. Wamelaza reli kutoka juu mpaka bondeni, inazunguka miti, na unakaa kwenye kigari kama sahani, una mkono wa breki tu. Mtoto mdogo haruhusiwi peke yake, lazima akae mbele ya mzazi. Wana tiketi yake maalumu, ya mzazi mmoja na mtoto mmoja, na mlangoni wanawafunga nyote wawili utepe wa rangi moja mkononi ili chini wajue nani wa nani. Mume wangu alibaki na begi. Mimi nilitaka sana kupanda naye. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshaona wanawake wengine wanashuka na watoto wao miguuni, wanapiga kelele pamoja, nikawaza kwamba pale chini ndipo nitakapomwambia.

Msichana wa mlangoni alikuwa mcheshi. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akaninyooshea mimi kidole, akamuuliza, "Mama?"

Neno hilo Wachina nao wanalo, vile vile kama letu. Mtoto alifurahi kusikia neno analolijua. Ni mtoto mkweli. Akatingisha kichwa, akasema kwa adabu kabisa, "Hapana. Mama yuko Tukuyu."

Yule msichana katika maneno yote hayo alisikia moja tu. "Mama! Mama!" akaitikia, akapiga makofi, akamfunga mtoto utepe wa kijani, na mimi wa kijani. Watu wa nyuma yetu kwenye foleni wakachekelea kwa wema. Nilinyoosha mkono nikafungwa. Ningefanya nini? Ningemwambia bu yao?

Mume wangu alikuwa karibu, alisikia. Hakucheka, hilo nampa. Aliangalia begi.

Tukateremka. Alikaa kati ya miguu yangu, mgongo wake kifuani kwangu, na kila kona alinishika magoti kwa nguvu. Nywele zake zilinuka mafuta yale yale anayopaka mama yangu. Alipiga kelele na mimi nikapiga. Sijui ilichukua muda gani, kwangu ilikuwa fupi. Najiuliza kama ningetosheka na hapo. Mtu mwenye akili angetosheka na hapo.

Chini kuna bwawa refu la maji ya moto, watu wanakaa kwenye ukingo wanaloweka miguu. Tukakaa watatu, mtoto katikati, aiskrimu mkononi kama ilivyopangwa. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kuna shule nzuri, ina bembea, kuna watoto wa Kiafrika na wa Kichina, atalala kwenye kitanda chake, na kwamba Alhamisi yule mama wa Mbeya ataondoka peke yake. Mume wangu akaongezea kwamba kila mwaka tutakwenda Tukuyu. Hakulia. Aliendelea kulamba aiskrimu, polepole zaidi. Kisha akauliza kama mama ameshaambiwa. Nikasema bado. Akauliza nani atalala na mama, maana mama usiku hubanwa kifua na yeye ndiye humwamsha kaka, yaani mdogo wangu wa kiume.

Nilikuwa nimesikia hilo neno mara nyingi mno siku hiyo. Nikasema, "Mimi ndiye mama yako."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua?"

"Mama aliniambia. Alisema wewe ndiye uliyenizaa. Alinionyesha na picha, una tumbo."

"Sasa kama unajua, kwa nini huniiti mama?"

Alifikiri. Hakuwa na kiburi hata kidogo, naandika hivyo kwa sababu wakati ule nilitaka kuona kiburi. Alifikiri kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Sasa yeye nitamwita nani?"

"Bibi. Si ndiyo bibi yako."

"Bibi ni yule mzaa baba," akasema. "Yule wa Kyela."

Mume wangu akaniwekea mkono begani, akasema tuache kwanza, maji ni mazuri. Sikuacha. Nilitoa simu nikampigia mama yangu kwa video pale pale, miguu ikiwa majini. Kwao ilikuwa asubuhi. Alitokea na kitambaa kichwani, nyuma yake jiko la nje. Sikumwamkia. Nilimuuliza amemlisha nini mtoto huyu mpaka hanitambui.

 Nilitegemea ajitetee, ningekuwa na la kushika. Akasema, "Nilimwambia kweli. Kwamba wewe ndiye mama yake, na mimi ninamtunza mpaka utakapomtaka."

Mpaka utakapomtaka. Labda hakuliweka kwa ubaya. Mama yangu si mtu wa mafumbo, Kiswahili chake ni cha moja kwa moja, Kinyakyusa ndicho anachokipinda akitaka. Nimeligeuza neno hilo jioni nzima, na kila nikiligeuza naona alisema tu kilichokuwa.

Akaomba simu apewe mtoto. Walizungumza Kinyakyusa, mtoto ameinamia kioo, mimi nasikia yote. Alimwambia atii. Alimwambia watoto wengi wanaitamani bahati hiyo. Kisha akageukia Kiswahili, nafikiri ili nami nishuhudie: "Kuanzia leo huyo umwite mama. Mimi niite bibi. Hata si vigumu." Sauti yake ilikuwa imara. Lakini kwenye simu hatukumwona tena, tuliona bati la paa na kipande cha moshi, muda mrefu, mpaka ikakatika.

Mtoto alinirudishia simu kwa mikono miwili. Akashuka kwenye ukingo, akasimama ndani ya maji ya moto yaliyomfika magotini, akakunja goti kidogo, gauni likalowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini kingine. Alilitamka sawasawa, kama mtoto aliyepelekwa kumwamkia mke wa mchungaji.

Kuanzia hapo alikuwa mtoto mzuri kupita kiasi. Mama, naomba maji. Mama, asante. Mama, niache viatu hapa? Kila sentensi alibandika neno lile mwanzoni ili asisahau. Mume wangu naye akawa baba. Alijaribu kumrudisha kwenye mchezo wao, akasema, "Nani kakupa ruhusa kunifuta ushemeji? Nimeshatoa ng'ombe wawili mimi." Akamjibu, "Samahani baba." Mume wangu akanitazama juu ya kichwa chake. Sikuwahi kuona uso ule.

Tulipanda gari la kwenye waya, tukala wali uliopikwa ndani ya mwanzi, tukamnunulia kofia yenye masikio. Vyote alivishukuru. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kila kilipotamkwa nilitamani anyamaze.

Kurudi, kwenye basi, alikaa dirishani tena. Tulipopita kijito, aliona nyati wawili wa Kichina wamelala kwenye maji, mmoja ana ndege mgongoni. Akageuka haraka, macho yamewaka, "Dada, ona yule..." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Alinitazama huku kiganja kiko mdomoni, mabega yamepanda, kama mtu anayengoja kofi.

Sijawahi kumpiga mtoto huyu. Hajapigwa hata na mama yangu, naamini. Lakini alinitazama vile.

Nikamwambia aniite dada. Nikamwambia Alhamisi atarudi na yule mama wa Mbeya, shule ya huku haina haraka. Aliniuliza kama ni kweli, na kama mama hatakasirika. Nikasema hatakasirika. "Haya, dada," akasema. Akanionyesha nyati, ingawa tulikuwa tumeshawapita, akanieleza yule ndege alivyokuwa amesimama. Halafu akajilaza kwenye mkono wangu akalala, mzito kabisa, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu aje. Nilikaa bila kusogea. Tangu aje nilikuwa nautafuta uzito ule, na nimeupata kwa kumwambia aende.

Mume wangu alikuwa kiti cha nyuma, alisikia yote. Tuliposhuka tulingoja metro, mtoto yuko mgongoni kwake. Akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe: "Kubaki tuliamua wawili. Kuondoka umeamua peke yako. Na mimi ni baba yake, si shemeji."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ana haki. Yeye alimchekesha. Alimngoja mtoto amfikie kwa jina lolote lile, na kidogo kidogo alikuwa anafikiwa. Pengine kama ningemwachia huo ushemeji wake na mimi nikashika udada wangu, mwaka ungepita, na miwili, na mtoto angekuwa hapa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sasa unajua," lakini alilisema amechoka, si kwa kunikomoa.

Sijui kama nimemrudisha mtoto kwa ajili yake, au kwa ajili ya mama yangu na kifua chake, au kwa sababu nilishindwa kuvumilia kuitwa vile na yeye. Nikisema ni kwa ajili yake nitajisikia mzuri, ndiyo maana nalitilia shaka. Kitu kimoja nina hakika nacho: shuleni hapa hawatunzi nafasi, na mwakani atakuwa mkubwa zaidi, na mwaka mwingine hatauliza tena nani amwite nani. Nimempigia mama kumwambia. Alisema, "Sawa, mwanangu," akauliza kama tulipita kwenye mvua.

Tulipofika mume wangu aliingia jikoni mwenyewe, hakuniita. Amesonga ugali wa unga tunaonunua kwa Wanaijeria, akakaanga samaki wawili na nyanya, na zile mboga za Kichina za mashina marefu, amezikatakata kwa vitunguu. Mtoto aliamka akala vizuri, akaongezwa samaki. Mume wangu alikula kidogo. Mimi nilikula mboga. Ugali ulitoka mgumu, umebaki zaidi ya nusu, nimeufunika na sahani.